Gauni Jeupe Bandarini

Proscovia alikuwa akipanga nyanya kwenye meza yake sokoni Konyo Konyo wakati Laku, mwendesha boda, alipozima pikipiki mbele yake na kuvua kofia. Laku hakuwa mtu wa kuvua kofia.

"Dada, lori limegonga boda aliyopanda Edrine, njia ya Thongpiny. Mungu amemchukua."

Proscovia alimalizia fungu alilokuwa akilipanga. Kisha akauliza, "Alikuwa anakwenda au anarudi?"

"Anakwenda."

Basi hakufika kwa Fulgensio, mpiga picha wa Thongpiny. Hasira ilimwingia kabla ya machozi.

Edrine, mdogo wake, alitoka Masaka, Uganda, na kamera moja kuukuu, akafungua kibanda cha picha za pasipoti. Kazi aliyoipenda hasa aliifanya Jumapili baada ya misa. Aliiweka kamera juu ya kigoda na kupiga mahali pamoja mara tatu: kupitia karatasi ya pipi nyekundu, kisha ya kijani, kisha ya buluu. Kwenye kompyuta aliziunganisha zikawa picha moja. Kilichotulia kilitoka na rangi zake za kawaida. Kilichosogea kilionekana mara tatu, kila mara kwa rangi yake.

"Mpiga picha wa pipi," Milly muuza chai alimtania, "makaratasi chukua wewe, pipi nipe mimi."

Siku moja bandarini alimwomba Proscovia apite mbele ya tishari jeusi, amevaa gauni lake jeupe la kanisani, uso ameuelekeza mtoni. Wakatoka Proscovia watatu: mwekundu, wa kijani, wa buluu. Edrine aliipeleka picha hiyo kwa Fulgensio, mwenye studio Thongpiny, aichape kubwa. Baada ya wiki mbili ilikuwa imetundikwa hotelini, chini yake imeandikwa "Wanawake Watatu", na jina la Fulgensio. Asubuhi ile Edrine alikuwa anakwenda kudai jina lake.

Kwa siku tatu familia ilingoja karatasi za kuupeleka mwili Uganda. Kila jioni Proscovia alisali rozari, na katika kila fungu aliomba jambo ambalo hakumwambia padri: Bwana, mlete Fulgensio hapa.

Akaja. Jeneza lilikuwa uani kwa Proscovia, sala hazijaanza. Alibeba nakala ya picha ile, yenye jina lake, akaomba kusema neno.

"Marehemu nilimfundisha mimi. Hii niliipiga kwa mkono wangu, naitoa kwa familia."

Proscovia akainuka. Alikuwa amevaa gauni lile jeupe.

"Asante, bwana. Hawa wanawake ni nani?"

"Wachuuzi wa bandarini, dada. Niliwapanga wasimame hivyo."

"Na wote watatu walijikata kidole gumba cha mguu wa kushoto?"

Watu wakasogea kutazama. Kila mwanamke pichani alikuwa amefungwa kitambaa kidoleni. Proscovia akavua kiatu, akaonyesha kovu.

"Sasa mwite yule wa buluu, aje amzike mdogo wake."

"Na yule mwekundu chai yake inapoa," Milly akasema, na watu wakacheka msibani.

Proscovia akampa Fulgensio kalamu. "Futa jina lako. Andika lake, lote."

Aliandika Edrine Kayiwa kwenye ukingo mweupe.

"Kesho ufanye hivyo hotelini. Milly atakuja kuhakikisha."

Mwingine angetosheka. Padri alipoanzisha Baba Yetu, Proscovia alisali na wenzake mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo akafunga mdomo, akaufungua tena kwenye amina. Mungu alimwona, na yeye alijua anaonwa.

Baada ya sala jeneza likapakiwa. Proscovia alikaa kando yake mpaka mpakani Nimule, na kutoka hapo mpaka Masaka. Jumamosi saa nane mchana walimzika Edrine karibu na mama yao. Katekista alisoma, wanawake wakaimba. Proscovia alitupa udongo kwa mkono wa kulia, akaishusha picha ile kaburini, juu ya jeneza, akarudi nyuma. Wanaume wakafukia.