Ruthu Alivyolipa kwa Kusogeza Simu

Watu wengi waliijua sauti ya Ruthu Mazengo kabla hawajamwona mwenyewe. Ukipiga simu ofisini kwao, hata kama umekasirika kiasi gani, ukishapokelewa na ile "Habari za leo, nikuunganishe na nani?" unajikuta umepoa na kusema tafadhali. Ndiyo ilikuwa kazi yake, opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma mjini. Walipokuja kufika mapokezi walimkuta mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, kavaa miwani nyeusi, fimbo yake nyeupe imeegemea meza. Hapo ndipo walipojua kwamba haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa bado anatambaa, huko kwao Haneti. Shule alisoma Buigiri, kwenye shule ya wasioona, na alitoka huko na cheti, ubishi usio na dawa, na mazoea ya kushika kila kitu kwa mkono kabla hajakiamini.

Pesa alikuwa anazimudu kwa mtindo wake. Kila aina ya noti ilikuwa na mkunjo wake kwenye pochi, kwa hiyo kutoa hakukumpa shida. Kilichomsumbua kilikuwa chenji. Hapo ilibidi amwamini mtu, na watu, jamani, watu! Siku moja muuza nyanya alimrudishia karatasi iliyokunjwa vizuri, laini kama noti. Ruthu akaiweka pochini bila wasiwasi. Jumapili ya Krismasi, kanisani Haneti, akaitoa kwa heshima zote akaitia kwenye kapu la sadaka. Kaka yake Lameck, aliyekaa kando yake, akachungulia kapuni akakuta kipande cha kalenda, mwezi wa saba, na tarehe zake zote.

Lameck hakusema kitu mbele za watu. Lakini walipofika nyumbani machozi ya hasira yalimlengalenga, mtu mzima yule. Ndiye mkubwa wao, na tangu baba yao alipofariki yeye ndiye baba. Zamani ndiye aliyempeleka Ruthu Buigiri kwa mara ya kwanza, akimbeba mgongoni kila miguu yake ilipochoka. Sasa akakata maneno. Wakati huo Ruthu alikuwa anaishi mjini na binti wa Lameck, Yasinta, aliyekuwa anamshika mkono kwenda sokoni na kupanda gari. Na Yasinta alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mlali.

"Yasinta akishaolewa," Lameck alisema, "wewe unarudi nyumbani. Kazi basi. Siwezi kukaa huku nikijua watu wanakuchezea kama mtoto."

"Kaka, mimi nina mshahara wangu."

"Unao. Na unautumia kununulia kalenda."

Kwa mila za kwao, kaka mkubwa akishasema hivyo hubishani naye, unamwambia umesikia. Ruthu akasema amesikia. Lakini usimdhanie, msomaji. Kusikia alisikia, kukubali hakukubali hata kidogo.

Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo baada ya ruksa ya biashara huria kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kwa pupa: mitumba, redio za watu binafsi, na kampuni za simu zinazogombania wateja kama wapiga debe. Kampuni mojawapo ikaja na mambo yake Dodoma, kwa majaribio. Wanakubandikia duara dogo la plastiki mgongoni mwa simu, unaweka pesa kwenye simu yako, kisha ukifika dukani unaisogeza simu karibu na kimashine kilichokaa kaunta. Kimashine kinalia, umelipa, hakuna noti wala chenji. Maduka machache yakakubali, na mabasi machache yakafungwa kimashine mlangoni. Wengi waliona ni uchawi wa mjini. Wengine walisema pesa isiyoshikika hiyo si pesa, ni hadithi.

Ruthu aliposikia hakuna chenji, alisimama palepale mapokezi. "Niambie tena," akamwambia mwenzake wa ofisini. Alipoambiwa tena, mchana uleule akaenda kubandikiwa.

Duka la karibu na kwake lilikuwa la Silvano, mtu mcheshi, mnene, aliyehamia Dodoma kufuata biashara na akasahau kurudi kwao. Jioni ile Ruthu aliingia na Yasinta, akaomba kiberiti. Silvano akasogeza kimashine mbele yake kwa mikogo. Ruthu akafanya alivyofundishwa tangu utoto, kwamba shika kwanza ndipo ujue. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya kimashine, akakipapasa, akajua kiko wapi. Kisha akaweka simu juu ya kiganja chake mwenyewe.

Kimya. Akakandamiza. Kimya.

"Dada Ruthu, toa mkono," Silvano akasema. "Unakiziba."

"Nikitoa mkono nitajuaje kiko wapi?"

"Kipo hapohapo, hakina miguu!"

Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Ruthu naye akacheka, lakini masikio yake yaliwaka moto. Akatoa mkono, akasogeza simu, akaipeleka kwenye mkebe wa pipi. Silvano akataka kumshika mkono amwelekeze, Yasinta akataka kuichukua simu. Ruthu akawakatalia wote wawili. Kiberiti akakilipia kwa noti, akaondoka.

Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Kila jioni kiberiti kimoja, kwa sababu hakutaka kuonekana anakuja kuchezea mashine ya mtu bure. Nyumba ikajaa viberiti mpaka Yasinta akauliza, "Shangazi, tunafungua duka?" Mwisho Ruthu akaipata. Akawa anashika ukingo wa kimashine kwa kidole gumba tu, kisha anateremsha simu ikifuata kidole. Kimashine kikatoa mlio mmoja mrefu. Silvano akapiga kofi kaunta. "Huyo!" akapiga kelele, kana kwamba timu yake imefunga goli.

Lakini Ruthu hakuishia hapo. Mlio ulimwambia kwamba imelipwa, haukumwambia imelipwa kiasi gani. Kwa hiyo akajiwekea utaratibu. Kwanza muuzaji ataje bei kwa sauti. Kisha alipe. Kisha, palepale kaunta, kabla hajanyanyua mzigo, anapiga namba ya kampuni, na mwanamke wa kwenye simu anamsomea salio lake. Ruthu, ambaye sauti ndiyo ilikuwa kazi yake, hakumhusudu mwanamke yule. "Anasoma kama kalazimishwa," alikuwa akisema. Foleni nyuma yake waliguna, walikohoa, walitazama saa. Ruthu hakuwa na habari nao. Mpaka asikie salio, aseme "Sawa, asante," ndipo anaondoka. Baada ya muda wateja wengine wa Silvano nao wakaanza kudai watajiwe bei kwa sauti, na Silvano akalalamika kwamba Ruthu amemharibia wateja. Alilalamika huku anacheka.

Kutoka dukani akahamia kwenye gari. Alimwambia Yasinta akae viti vya nyuma na asimsemeshe, hata akikosea. Yasinta alikaa huko roho mkononi. Ruthu alipanda, akapapasa nguzo ya mlango, akashuka nayo mpaka kwenye kimashine, akalipa, akauliza kiti. Alifika ofisini kama mfanyakazi mwingine yeyote, kachelewa kidogo na kachangamka sana. Hakuna mtu duniani, nadhani, aliyewahi kufurahia kulipa nauli namna ile.

Lameck hakujua lolote. Ruthu alikatazwa kubisha, na kwake kumweleza kaka mambo haya ingekuwa kubisha. Yasinta akaolewa, ngoma zikachezwa Mlali, na juma lililofuata Lameck akaja Dodoma kumchukua dada yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeshafunga mizigo?"

Alikuwa ameshafunga. Begi moja la bluu, nguo na redio yake. Ofisini alikuwa ameomba likizo tu, maana barua ya kuacha kazi mkono ulikataa kabisa kuiandika. Alipanga kwamba akifika Haneti atamwomba mama yao amzungumzie kwa Lameck, na kama mama naye atakataa, basi. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi wakaenda stendi, Lameck mbele na begi, Ruthu nyuma kashika mkono wa koti lake. Lameck akamkabidhi konda begi, likapandishwa juu ya basi na kufungwa kamba. Basi lilikuwa na muda kidogo kabla ya kuondoka.

"Kaka, nimnunulie mama vitu," Ruthu akasema.

Wakaingia duka kubwa lililokuwa jirani, ambalo Ruthu hakuwahi kufika. Akachagua kanga kwa kuipapasa, akaomba sukari na majani ya chai. Kwenye malipo kulikuwa na msichana ambaye hakumjua.

"Mzee," msichana akamwambia Lameck, "anataka kanga hii au ile nyingine?"

"Hiyo," akajibu Ruthu.

"Mzee, atalipa na nini?"

"Kwa simu," akajibu Ruthu.

"Basi mzee, mwambie aweke simu hapa."

Lameck, kwa mazoea ya maisha yote, akaichukua simu mkononi mwa dada yake. Akaiweka. Kimashine kikalia mara mbili, milio mifupimifupi, kwa hasira, maana aliinyanyua upesi mno. Akaigeuza, akaiweka tena. Ikawa vilevile. Nyuma yao foleni ikaanza kuguna. Lameck akaanza kuhema, akaikandamiza ile simu kama mtu anayepiga muhuri. Alikuwa mtu wa shamba na ng'ombe, hakuwahi kushika kitu kama kile, na sasa watu wote walikuwa wanamtazama. Ruthu alisikia pumzi yake, akamwonea huruma. Hakutaka kumsahihisha kaka yake mbele ya watu. Akangoja. Kimashine kikakataa mara ya tatu.

"Kaka," akasema polepole, "nipe."

Akampa. Ruthu akapapasa ukingo, akaweka kidole gumba, akateremsha simu, akaiacha itulie. Mlio mmoja mrefu. Kisha, jamani, akafanya mambo yake! Akamwambia msichana arudie kutaja bei kwa sauti, akapiga namba, akaegemea kaunta na kusikiliza. Foleni wakalalamika waziwazi. Mtu mmoja akasema hili basi litaondoka. Ruthu akainua kidole kuwaomba wanyamaze, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, asante."

Msichana akafunga vitu. Akachukua risiti, akamnyooshea Lameck. "Mzee, risiti yake hii. Na anataka mfuko?"

Lameck hakuipokea. Alisimama tu, mikono chini, na Ruthu akadhani amekasirika.

"Binti," Lameck akasema, "mbona unaniuliza mimi? Tangu tumeingia unaniuliza mimi. Aliyenunua ni huyo hapo mbele yako."

Msichana akababaika, akageuka. "Samahani, mama. Nikuwekee kwenye mfuko?"

"Niwekee," Ruthu akasema.

Wakatoka. Vumbi la Dodoma lilikuwa linavuma kama kawaida, na Lameck akamwongoza mpaka mlangoni mwa basi. Ruthu akapapasa nguzo, akakipata kimashine cha pale mlangoni. "Wawili, Haneti," akamwambia konda, na akashusha pumzi, kwa sababu sasa mambo yake ya mjini yalikuwa yameisha.

"Mmoja," Lameck akasema nyuma yake.

Ruthu akageuka. "Kaka?"

"Mmoja. Anayeshuka Haneti ni mimi." Akamwita konda, sauti ikiwa nzito, imekwama kidogo. "Kijana, panda juu unishushie lile begi la bluu. Ndiyo, najua umelifunga. Lifungue." Kisha akauchukua mfuko wa vitu vya mama kutoka mkononi mwa Ruthu, akasogea karibu, akaongea kwa chini, kwa lugha ya kwao, asisikike na abiria. Alimwambia mama ataulizia, na yeye atamjibu kwamba Ruthu yuko kazini.

Ruthu alikuwa analia. Alilia mlangoni mwa basi mbele ya abiria wote, wala hakujifuta.

"Haya," Lameck akasema, "unanichelewesha. Nilipie nauli, mdogo wangu."