Fundi vitasa na mlango wa bintiye

Saa tatu asubuhi, fundi vitasa amepiga goti mbele ya mlango wa chumba cha kulala nyumbani kwa mteja, bisibisi mkononi. Haweki kitasa, anakitoa. Alikiweka mwenyewe wakati wa janga la korona, mume na mke walipogawana vyumba.

"Hiki cha kumi na moja mwaka huu," anasema. "Watu wanarudiana, bwana! Nami nalipwa kwenda na kurudi."

Ajabu ya kazi yake ni hiyo. Zamani aliitwa kwa milango ya nje, kuzuia wezi. Watu walipofungiwa ndani, katika kila vitasa kumi, saba vikawa vya vyumba vya ndani: kaka anajikinga na kaka, mama anatafuta pa kulilia. Fundi aliwaona wateja wake watu wa vituko. Nyani haoni kundule.

Nyumbani kwake, kazi ziliposhuka kutoka tano kwa siku hadi mbili kwa wiki, aligeuka mkali kama pilipili. Kijiko kikianguka, anafoka. Siku moja binti yake wa miaka kumi na sita alijifungia chumbani akilia. Baba akamwamuru afungue. Alipokataa, akachukua waya, akafungua kitasa kwa sekunde arobaini.

"Niliingia kifua mbele, kama nimeshinda," anasema. "Alinitazama kama anavyotazamwa mwizi."

Mwaka na nusu sasa, kila jioni binti husukumia kabati mlangoni. Salamu anaitikia, mazungumzo hakuna. Mshauri wa zahanati, ambaye fundi humwona kila Jumatano, alimuuliza swali moja tu: binti yako ulimnyang'anya nini?

Wiki hii fundi amenunua komeo la chuma la kufungia ndani, lisilo na tundu la ufunguo. Hata yeye hataweza kulifungua akiwa nje.

Mkewe ana hofu. "Na siku akizidiwa humo ndani, tutafanyaje?"

"Tutaanza kwa kubisha hodi, mama. Hatujawahi kujaribu."

Jana mchana alibisha mlango wa binti, akauliza komeo liwekwe wapi. Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia mlango ukifunguka, kiasi cha kupita mkono tu. Kidole kikaonyesha usawa wa bega.

"Hapa, baba. Ila nitaliweka mwenyewe. Nifundishe."

Somo ni Jumamosi. Fundi ameshawaambia wateja wake kwamba siku hiyo hayupo.