Kandarasi ya Mume Wangu Chelagat

Mume wangu alikuwa mwanamke, jina lake Chelagat, na serikali ya Mwingereza ilimwandika mwanamume. Msicheke bado.

Alikuwa akichuma maua ya pareto katika shamba la mzungu mmoja, juu kule Sachangwan. Enzi hizo baridi ilikuwa baridi kweli. Jogoo aliwika kichwa chake kikiwa chini ya bawa la kuku, ndiyo maana kijiji kizima kilichelewa kazini. Yule mzungu tulimwita Korongo kwa sababu ya miguu yake. Akiingia boma la ng'ombe hakufungua lango. Chelagat naye alichuma kwa mikono miwili kama anayekamua. Nyuki wakifika kwenye mstari wake walikuta vijiti vitupu, wakarudi mzingani na njaa.

Alizaa wasichana watupu, wote wakaolewa. Mumewe Kemboi alikuwa mlinzi wa nyumba ya kukaushia pareto. Mwaka wa hamsini na tano kifua kikambana, akafa. Chelagat alikuwa bado na kichwa cha kunyolewa matanga, nyapara Kosgei akasimama mlangoni.

"Mama, pole tena. Bwana anasema nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi amekufa. Mwisho wa mwezi utoke na ng'ombe wako."

"Na mimi ninayechuma kila siku, ni mbuzi?"

"Wewe ni bibi ya mfanyakazi."

"Ambaye amekufa."

"Ndiyo."

"Basi mimi ni bibi ya nani?"

Kosgei akakuna kichwa. "Mama, mimi nimetumwa tu."

Angetoka aende wapi? Kwao Nandi ndugu zake walikuwa wamegawana shamba mpaka njia ya mbuzi. Akasikia kwamba Nakuru kuna afisi ya leba, ambako mfanyakazi aliyeonewa husikizwa. Akapanda lori la pareto. Mimi nilikuwa msichana wa jirani, nikapanda pia kwa sababu nilitaka kuona maduka.

Karani wa pale, Micah, ndiye aliyemtafsiria ofisa.

"Una kandarasi?"

"Kemboi alitia kidole."

"Wewe je?"

"Hakuna aliyeniomba kidole."

Micah akaingia ndani, akatoka. "Ofisa anasema huna kandarasi, kwa hivyo wewe si mfanyakazi. Hawezi kukusaidia."

"Kama si mfanyakazi, Korongo hawezi kunifuta kazi."

"Hawezi."

"Basi nabaki."

"Hapana, unatoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si mfanyakazi."

Wakazunguka hivyo mpaka nikashikwa na kisunzi, nikaketi chini. Hata nguzo ya afisi, naapa, iliinama kidogo.

"Haya, nitie kidole leo," Chelagat akasema.

"Mama, kandarasi ya kukaa shambani ni ya mwanamume."

Chelagat akageuka, akanitazama mimi toka kichwani hadi kwenye nyayo, vile mtu anavyotazama mtamba mnadani.

Kwetu Wanandi jambo hili si geni. Mama asiye na mtoto wa kiume, akizeeka, huweza kuoa msichana. Akishatoa ng'ombe wa mahari, basi ni mwanamume: huketi na wazee, na watoto wa yule msichana ni wake. Baba yangu aliitikia kabla posa haijaisha kusemwa, kwa maana ng'ombe wa Chelagat alikuwa amewatamani siku nyingi. Mimi nikaona mume anayejua uzito wa mtungi wa maji si mbaya. Harusi ikafanywa haraka. Kosgei nyapara akanywa maziwa ya kibuyu akaimba kuliko baba yangu, akasahau kabisa kwamba mwezi unaisha.

Tukarudi Nakuru, bwana harusi na bibi harusi. Safari hii ofisa alimwita Korongo na nyapara wake.

"Ofisa anauliza," Micah akasema, "huyu ni mume au ni mke?"

"Mume," nikajibu. "Ni wangu."

"Na wewe?"

"Bibi yake."

Micah akatafsiri. Ofisa akamwambia atafsiri tena. Akatafsiri tena, ikawa mbaya zaidi.

"Huyu ni mwanamke!" Korongo akafoka. "Muulizeni Kosgei, ni mtu wao!"

Wote tukamgeukia Kosgei. Alitokwa na jasho mpaka sakafu ikawa na utelezi.

"Kosgei, mwanangu," Chelagat akasema taratibu, "yale maziwa uliyokunywa kwangu, yalikuwa ya harusi ya nani?"

Kosgei akameza kama aliyekuwa bado nayo kooni. "Kwa sheria yetu," akasema akitazama chini, "ni mwanamume."

Ofisa akafunua kitabu chake, akakifunga, akakifunua. Micah akatunong'oneza kwamba kitabu kinataka mwanamume tu; hakisemi anapatikanaje. Ofisa akamuuliza Korongo kama anamtaka mtu huyu au hamtaki. Korongo alikuwa na pareto iliyokomaa, na wachumaji wake wa Kikuyu serikali ilikuwa imewahamisha kwa ajili ya Hali ya Hatari. Akatikisa kichwa, kisha akaitikia. Chelagat akatia kidole.

Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi, Chelagat akashika kikapu chake akasimama na wanawake.

"Mzee," Kosgei akamwita, "huko ni kwa akina mama."

"Nachuma kuliko hawa wote!"

"Wanaume hawachumi pareto, mzee. Wanaume ni plau."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Chelagat akanitazama, nami sikujua niangalie wapi. Akaniachia kikapu, akaenda na wanaume kufukuzana na maksai kwenye matope. Mikono yangu ilikuwa mizito. Hadi saa nne sikuwa nimefunika hata chini ya kikapu, na nyuki wakanona.

Jioni tukakutana jikoni, kila mmoja hoi.

"Tumeshinda?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nyumba ni yetu," akasema. "Hayo mengine hata mimi sijui."

Akaketi, akangoja nimpikie, maana yeye ni mume. Nami nikaketi nikamngoja yeye, maana ndiye aliyejua mahali chumvi ilipowekwa.