Sauti ya Dalali

Wateja walimwita Mama Geuza, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kugeuza mafaili: barua ya Word iwe PDF, picha za vyeti ziwe PDF, kisha PDF irudi kuwa Word kwa sababu mwenyewe amekosea jina la mama yake mzazi. Kibanda chake kilibanwa kati ya fundi cherehani na duka la dawa, na mto wa kiti chake ulikuwa umekwisha pamba. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima, bali wa mtu ambaye hata akipumzika anasikia bado anaitwa.

"Mama, mtandao wa ajira umekataa. Wanasema faili kubwa."

"Lete tulipunguze."

Kupunguza ndiyo ilikuwa dawa yake. Kila kitu alikiminya mpaka kikawa kidogo kabisa, akampa mwenyewe, kisha akafuta cha awali na kumwaga taka zote, maana kompyuta ilikuwa imejaa pomoni na siri za watu si za kulaza dukani. Vidole vilifanya hivyo vyenyewe, bila kumuuliza.

Nyumbani alikuwa na baba yake. Mzee alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kunadi kabati bovu watu wakaligombania, na alijisifia koo lake kuliko alivyojisifia watoto wake. Kiharusi kilipompiga, maneno yalikatika. Tabibu wa mazoezi ya kusema aliwaambia wamsikilizishe sauti yake mwenyewe ya zamani, huenda ulimi ukakumbuka. Sauti ilikuwepo, moja tu, ndani ya kadi ya kisimu cha Mzee kilichokufa: Baba akinadi. Simu za sasa zilikataa kuisoma mpaka igeuzwe.

Wifi yake, mke wa kaka, ndiye aliyeshinda na mgonjwa, na kila asubuhi alimkumbusha.

"Wifi, ile sauti ya Baba?"

"Leo, wifi yangu. Leo hii hii."

Na leo ikaliwa na wateja. Hatimaye mchana mmoja mvua iliwazuia watu majumbani, naye akaichomeka kadi, akafanya kazi kama kawaida, macho nusu yamefumba. Aligeuza, akaminya mpaka mwisho, akafuta ya awali kwenye kadi na kwenye kompyuta, akamwaga taka. Ndipo akabonyeza asikilize. Kikatoka kijisauti chembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Akaitafuta ya awali. Kadi tupu, kompyuta tupu. Vitu vya watu wote alivirudisha salama, cha baba yake amekiua kwa mkono wake. Alilia pale pale, mlango ukiwa wazi.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, wifi amesimama na beseni la maji.

"Baba, nisamehe. Nimeiharibu," alisema, akaiweka isikike hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kutunga uongo.

Mzee alisikiliza. Uso ulikunjamana. Mkono wake mzima ukaanza kupiga godoro, pu, pu, kama enzi za meza yake ya mnada, hata wifi akadhani amezidiwa.

"Si..." alisema Mzee. Jasho lilimtoka. "Si mimi!"

Wifi alikaa chini na beseni lake. Mama Geuza hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Kweli, Baba, huyo si wewe. Wewe ulikuwa unanadi vipi?"

Mzee alivuta pumzi, akafungua kinywa. Neno lilifika kwenye midomo, likakwama, likarudi. Mkobani mwake simu iliita, ni mteja, ikakatika, ikaita tena. Mama Geuza, ambaye hakuwahi kumwacha mteja, aliiacha iite. Alikuwa hoi, mgongo unamuuma, na alikaa vivyo hivyo akimsubiri baba yake aseme.