Marejeo ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alianza kuitwa Daktari kabla hata hajapata shahada ya pili. Jina alijipa mwenyewe kwa kinyozi, na kinyozi, ambaye riziki yake ni kuwasifu wateja, akalipokea bila ubishi. Mimi sijawahi kumwita hivyo. Namwita shemeji, na hata hilo hunitoka kwa shida.

Ni mwalimu wa sekondari, mrefu, ana kitambi cha heshima na begi la ngozi asiloachana nalo hata akienda dukani kununua sabuni. Ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa ni nini. Nilisoma naye shahada hiyo hiyo ya elimu, idara ile ile. Mimi nikamaliza, yeye akabaki akirandaranda maktaba. Kwa hiyo ninapomdharau, simdharau kwa kusikia.

Nyumbani kwao kulikuwa na makubaliano. Mdogo wangu alikuwa akisoma ukunga, masomo ya jioni. Alipofika katikati wakapata mtoto wa pili, na mwaka huo huo mumewe akapata nafasi ya kusoma. Nyumba moja haiwezi kuwa na wanafunzi wawili, akasema bwana mkubwa. Yeye atangulie, akimaliza, mke arudi. Chuo kikamwekea mdogo wangu nafasi yake, lakini uvumilivu wa chuo nao ulikuwa na kikomo. Mwaka wa mwisho wa masomo ya mumewe wakamwambia asiporudi muhula unaofuata, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye ataanza upya kabisa. Matumaini yake yote yakawa yananing'inia kwenye tasnifu ya shemeji.

Na tasnifu yenyewe ilihusu nini? Kwa nini wanawake watu wazima huacha masomo ya jioni. Sitanii. Mada hiyo aliichagua mezani kwake, akila chakula alichopikiwa na mwanamke mtu mzima aliyeacha masomo ya jioni.

Idara yetu ina ugonjwa wake wa zamani. Nyuma ya maktaba kuna chumba cha tasnifu zilizofaulu, zimejalidiwa zote kwa rangi moja. Mwanafunzi mvivu huingia humo, akatafuta iliyopata alama za juu na kichwa kinachofanana na chake, akafungua kurasa za mwisho na kunakili marejeo. Vitabu havichagui, anavirithi, kama mtu anayerithi koti la marehemu mjomba wake bila kujali kama linamfaa. Wengi wamepita kwa njia hiyo na leo vyeti vimetundikwa ukutani. Shemeji alikuwa bingwa wao.

Siku moja nilimkuta kwenye meza ya dirishani, amejipangia vitabu hadi vinamfika kidevuni. Vinene, vya zamani, vingine vinanuka vumbi. Nikamuuliza amevichaguaje.

"Shemeji, utafiti una ngazi zake," akajibu kwa sauti ya kumfikia mkutubi. "Hivi ndivyo vitabu vyenye uzito."

"Umevisoma?"

"Nimevipitia."

Kupitia, kwa lugha yake, ni kusoma jalada. Nikamwambia rafu ya ripoti ina taarifa za mahudhurio za vyuo vya jioni, tena za miaka ya karibuni, na majarida yana makala kuhusu jambo hilo hilo. Nikamwambia pia, kwa upole ambao hakustahili, aongee na wanawake wenyewe. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Hayo ni maneno ya jikoni, shemeji. Watahini wanataka wataalamu."

Nikamwacha na wataalamu wake, nikaenda zangu.

Tasnifu ilipokamilika, hitimisho lake lilikuwa kwamba wanawake huacha masomo kwa kukosa ari na kushindwa kuvumilia nidhamu. Aliyeichapa yote, mtoto akiwa mapajani, ni mdogo wangu. Nilimuuliza kama hakuona alichokuwa akikichapa.

"Niliona, dada. Mimi nachapa tu ili amalize."

Nilitamani kumfuata yule mwanamume na kumvunjia begi lake kichwani.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika kwenye chumba kidogo chenye feni inayolalamika. Ndugu waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma. Mdogo wangu alikaa nami, amevaa gauni lake zuri; alikuwa ameshaelewana na jirani amwangalizie watoto jioni masomo yakianza. Shemeji alizungumza kwa madaha, mkono mmoja mfukoni, akitaja waandishi kama watu anaokunywa nao chai kila siku.

Mtahini wa nje, mama mmoja mfupi wa makamo, alimwacha amalize. Kisha akatoa kitabu kwenye mkoba wake.

"Sura yako ya nne yote inategemea hiki. Kinahusu nini?"

"Kinahusu watu wazima wanaoacha mafunzo."

"Watu wazima gani?"

"Kwa ujumla wao."

"Kinahusu makuruta," mama akasema taratibu. "Vijana wa kiume wanaotoroka kambi za jeshi. Hii nidhamu unayosema wanawake wameishindwa ni gwaride la alfajiri."

Hapo nilicheka, na wala siombi radhi. Baadaye tulikuja kujua kwamba tasnifu aliyorithi marejeo yake iliandikwa na ofisa mmoja wa jeshi aliyesoma idara yetu. Ofisa hakuwa na kosa. Vitabu vile vilimfaa yeye na kazi yake. Shemeji alihama navyo vyote, akawavalisha wanawake wetu magwanda, na hakuona tofauti.

Mama hakuwa amemaliza. "Na wanawake walioacha masomo, umezungumza na wangapi?"

Shemeji akakohoa. "Kwa kweli, mheshimiwa, ni wagumu kupatikana."

Kicheko kiliniishia. Mkewe alikuwa nyuma yake, mahali ambapo angegeuza shingo tu angemwona. Mdogo wangu hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Wakampa mwaka mmoja. Aanze upya, atafute vyanzo vinavyohusu mada yake, awahoji wahusika.

Niliwasindikiza hadi nyumbani, maana sikutaka mdogo wangu abaki peke yake na yule mtu. Shemeji alijitupa kwenye kochi, akalaumu maktaba, akamlaumu msimamizi wake, akasema mtahini ana wivu. Wivu wa nini, hakusema. Alipokwisha kulaumu watu akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, itabidi lile jambo lako tulisogeze kidogo. Mwaka mmoja tu."

Mdogo wangu aliendelea kukusanya vyombo. Shemeji, ambaye mkewe akinyamaza huhesabu kwamba amekubali, akafungua begi, akatoa karatasi, akakaa vizuri. Akabadilisha hata sauti.

"Na tuanze na wewe, utanisaidia sana. Kwa nini uliacha masomo?"

Nilitaka kusema neno. Mdogo wangu akanizuia kwa macho, akafuta mikono, akaketi mbele yake.

"Andika," akasema. "Sikuacha. Nilimpisha mume wangu atangulie, na tangu hapo hajawahi kuniuliza kama bado nasubiri."

Shemeji akaandika. Nawaambia aliandika kweli, ameinamia karatasi, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Andika tena. Jumatatu muhula unaanza, narudi chuoni. Jirani atakaa na watoto mpaka baba yao atoke kazini. Mkubwa lazima aulizwe kazi za shule, la sivyo hafanyi. Mdogo halali bila kuimbiwa."

Alifika mwisho wa mstari ndipo akainua kichwa.

"Sasa mimi utafiti wangu nitaufanya saa ngapi?"

"Watoto wakishalala," mdogo wangu akamjibu, akaenda kuosha vyombo.