Lambert wa Fordsburg, Aliyeketi Gizani na Mfiwa

Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1956, katika nyumba ya fundi cherehani, akabatizwa Lambert. Vita vilimtoa kwao akiwa mtu mzima, vikamfikisha Johannesburg, ambako alipata kibanda cha ushonaji Fordsburg na, baada ya muda, utumishi wa ukatekista miongoni mwa Wakongo wenzake. Alimcha Mungu tangu ujana, hilo halina ubishi. Alikuwa pia na kichwa kigumu na sauti ya kuamsha mtaa mzima, wala hatutazificha kasoro hizo, maana neema ilipita humo humo.

Jaribu lake lilimfika mwaka 2016. Masika, mjane aliyekuwa msusi katika mtaa jirani wa Mayfair, alifiwa na Benita, mtoto wake wa pekee. Alifunga mapazia ya chumba chake, akalala akiutazama ukuta. Hakuwasha taa, na chakula cha jirani yake Brigitte kilirudi kama kilivyokwenda. Lambert alikuwa akifundisha siku zote kwamba giza ni mali ya Shetani. Basi aliingia na kikundi cha maombi, akayavuta mapazia kwa nguvu, akamkemea pepo wa giza mpaka koo likamkauka. Masika alijifunika shuka, akasema, "Papa Lambert, mutoke." Tangu siku hiyo mlango wake ulifungwa kwa ufunguo, na jumuiya ikaanza kuhofu kwamba itamzika naye pia.

Lambert alirudi kibandani amenywea. Siku chache baadaye alifika mteja wake wa miaka mingi, Hirsh Lipschin, mzee wa Kiyahudi aliyekuwa mwalimu wa Torati, kuchukua koti lake. Lambert akamtolea yaliyo moyoni. Mzee akavuta kiti. Alimkumbusha kwamba katika Isaya Mungu mwenyewe anasema ndiye aliyeumba giza, na kwamba Musa alipomkaribia Mungu aliingia katika giza nene, kwa kuwa Mungu alikuwa humo. Kisha akafika kwenye pigo la giza kule Misri, ambako watu hawakuonana wala mtu hakuondoka mahali pake.

"Walimu wetu wanauliza giza lile lilikuwa na unene gani," alisema. "Wako wanaosema unene wa sarafu. Mimi nashika jambo hili: mtu hakumwona ndugu yake, ndiyo maana hakuna aliyeweza kusimama. Wewe ulipoingia kwa yule mama, ulimwona nani?"

Lambert alikuwa amemwona pepo tu.

Kesho yake alasiri alibisha kwa Masika, akaomba radhi, akaahidi kutogusa pazia. Mlango ulikawia, lakini ulifunguka. Aliketi sakafuni na mashati ya wateja, akashona kwa kupapasa, kimya, yeye ambaye kunyamaza kulimuuma kuliko njaa. Akaja tena na tena, majuma yakapita, na mara nyingi alirudi kwake akiwa na huzuni kwa kuwa hakuona dalili yoyote. Ila taratibu alianza kuhisi kwamba Mungu yumo chumbani mle, tena alikuwemo tangu mwanzo, na akaona haya alipokumbuka alivyokemea.

Alasiri moja Masika alinyoosha mkono, akapapasa shati.

"Papa Lambert, hii kifungo umeitia ku mugongo ya shati," alisema. "Ngoja nifungue rido, uone mwenyewe."

Akasimama, akafungua pazia. Walicheka, kisha wakalia pamoja, na jioni ile Masika alikula chakula cha Brigitte.

Lambert alifariki Julai 2019 kwa maradhi ya mapafu. Wako wanaosimulia wagonjwa waliopona kwa maombi yake. Hayo tunaliachia Kanisa lipime. Sisi tunashuhudia lile tuliloliona. Mwezi mmoja baada ya mazishi, Masika alisikia kwamba mama mmoja wa Kisomali, nyumba ya tatu kutoka kwake, amefiwa na mwanawe na hataki kuonana na mtu. Masika hakujua Kisomali hata neno moja. Akavaa viatu, akaenda. Nasi twende.