Parachichi Lenye Samaki

Jamani, hili naliandika huku nimejifunika uso kwa mtandio. Tangu apasuliwe koo, mama yangu analishwa kwa mpira uliotiwa tumboni, na mpishi wake ni mimi. Nachemsha samaki, viazi na mchicha, nasaga, nachuja mpaka chakula kiwe laini na kijani, kisha nakiweka kwenye friji. Juzi akagoma.

"Hicho si chakula cha mtu," alinong'ona, akageukia ukutani.

Roho iliniuma. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa ametuletea sharubati ya ukwaju, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikamjazia jagi lake juisi ya parachichi, nikampelekea kwa maringo, mimi ninayeota kufungua mgahawa wangu Forodhani.

Magharibi akapiga hodi.

"Mwanangu, parachichi la kwenu lina samaki?"

Nikakimbilia friji. Juisi imo, chakula cha mama hakimo.

"Umekunywa, Bi Zuhura?"

"Gilasi mbili. Nilidhani ndiyo mapishi ya kisasa. Chumvi tu imepungua."

Kitanda kikatikisika. Mama alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Ikiwa Zuhura kanywa mbili," alisema, "basi nisagie na mimi."